Nimeipata Picha Aliyoitamani Mume Wangu, na Yeye Haoni Tena

Admin, jina langu libaki kwako. Niko na miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, tunaishi huku vilima vya Kangundo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia mpaka macho yakamwachisha kazi.

Daktari alipomwambia presha ya macho itampofusha, hakulia. Aliniambia tu, "Mama Mumbua, kabla sijafika huko nataka picha ya lile wingu la Orioni." Alikuwa na darubini kuukuu aliyouziwa na mwalimu mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Wingu lenyewe si la mvua, liko huko juu kati ya nyota, na ukilitazama kwa jicho ni kama moshi tu. Filamu ikiachwa wazi muda mrefu ndiyo inaona wekundu wake.

Basi Januari, mvua zilipoisha, tukatoka uani watoto wakiwa wamelala. Yeye alifunga kamera kwenye darubini, mimi nikazungusha skrubu ya darubini polepole, maana dunia inazunguka, ili nyota zisitukimbie. Vidole viliganda kwa baridi. Alicheka usiku ule kama kijana. "Umekuwa fundi," akaniambia.

Filamu tukaipeleka studio Machakos mjini. Tuliporudi kuchukua picha, mwenye studio akasema, "Mwalimu, ile ilikuwa tupu. Hakuna mtu hata mmoja ndani. Niliitupa." Mume wangu hakugombana naye.

Mawingu yakarudi. Anga ilipofunguka tena, alikuwa haoni hata mwanga wa taa. Akaniambia, "Hiyo darubini uza. Na usinitajie nyota tena."

Sikuuza. Nilijaribu peke yangu, nikaharibu filamu nyingi, nikawasihi watu wa studio nyingine wasitupe chochote. Mwishowe picha moja ikatoka. Nyekundu kama makaa yanayopulizwa, katikati inang'aa. Nililia pale kaunta mpaka wakaniletea kiti.

Sasa iko sandukuni chini ya nguo zangu. Nikimwambia, nitakuwa nimempa kitu asichoweza kukiona, tena alishanikataza. Nikinyamaza, nimemnyima kitu alichokitaka kuliko vyote. Juzi aliniuliza, "Mbona ulikuwa unatoka sana usiku?" Nikamdanganya nilikuwa naangalia ng'ombe. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huko nje anga iko safi?"

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie, au nimwache na amani yake?