Tonge la Zenebech

Zenebech aliuza pilipili ya unga, berbere, sokoni Gondar miaka thelathini, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili zake. Kiharusi kilimwachia mdomo, kikamnyang'anya mkono wa kulia. Jambo moja tu lilimkosesha usingizi: bintiye Tirngo alikuwa anaolewa baada ya miezi miwili, na tonge la kwanza la harusi alipaswa kulishwa na mama. Kwa mkono wa kushoto? Afadhali asiende kabisa.

Ndiyo maana alikubali kuingia kwenye utafiti wa daktari Hirut. Mkono uliokufa ulifichwa nyuma ya kioo, mzima ukawekwa mbele, naye akaambiwa atazame kioo tu. Akikunja vidole vya kushoto, aliona vya kulia vinajikunja.

"Unamdanganya nani, mwanangu?"

"Ubongo, mama. Njia ya zamani imekatika, tunataka uchonge nyingine. Fanya jambo ambalo mkono huo ulilizoea kuliko yote."

Hakuhitaji kufikiri. Miaka ishirini na sita, kila mlo, alimlisha mumewe Demissew, aliyekaa upande wake wa kulia, kisha akamfuta mchuzi ndevuni kwa kidole gumba. Demissew alikuwa kaburini mwaka wa nne sasa. Basi Zenebech akawa anamega injera, ule mkate laini, mbele ya kioo, anaviringisha tonge, analipeleka, anafuta ndevu ambazo hazipo. Mara mia kwa siku, maskini, kwa moyo wote.

Wiki ya sita, wakila chakula cha mchana nyumbani, mkono wa kulia uliinuka wenyewe na tonge. Tirngo, aliyekaa kushoto kwa mama yake, alipiga kigelegele, akafungua kinywa. Mkono ukaenda upande mwingine. Ulisimama juu ya kigoda kitupu cha Demissew, vidole vikaachia, tonge likaanguka. Kisha kidole gumba kikafuta hewa.

"Mama, acha mzaha bwana!"

"Si mimi," alisema Zenebech. Paka wao, mwizi asiye na haya, alilinusa lile tonge akatoka mbio.

Daktari Hirut alifurahi. "Mkono umefuata njia iliyokanyagwa zaidi. Ni kawaida, mama."

"Na mbona vidole vinarudi vimelowa mate?"

Hirut akaacha kuandika.

Zenebech aliuomba mkono, akautukana, akakitoa kigoda nje. Wapi! Siku ya harusi aliufunika kwa shuka, lakini sinia lilipowekwa na watu wakapiga vigelegele kumngojea, ukatoka, ukamega injera na mchuzi wa kuku, ukamwacha bibi harusi aliyekaa kushoto, ukaelekea kulia. Vigelegele vikafa. Zenebech alitamani ardhi immeze.

Tirngo akainuka na gauni lake, akazunguka, akapiga magoti upande wa kulia wa mama yake.

"Baba," alisema taratibu, "nipishe kidogo."

Mkono ukasita. Kitu kilisogea pale, Zenebech alikisikia begani. Tonge likaingia kinywani mwa binti, na kidole gumba kikamfuta kidevu chake laini. Zenebech akalia kwa furaha mbele za watu wote, bila aibu.

Kisha mkono ukachukua tonge la pili bila kuombwa, ukalipeleka juu ya bega la Tirngo, ukafungua vidole. Hilo halikuanguka.