Fizi Zangu na Dungu la Bi Zainabu

Ipo siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu: siku Bi Zainabu aliponialika nikalale dunguni kwake, nami nikamjibu kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka. Kinywa changu kilikuwa kinanuka.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka bara, Songea, nikapangiwa shule huku pwani, Mahege. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, mitumba imejaa sokoni Kibiti, na kliniki za watu binafsi zinafunguliwa Dar es Salaam kila uchao. Bi Zainabu alikuwa jirani yangu, mkulima wa mpunga, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kugawa. Jioni wanawake wa nyumba zetu walikula sinia moja uani, bega kwa bega. Mwanzoni nilikula nao. Kisha fizi zikavimba, zikaanza kutoa damu, na harufu ikaja. Nikawa naziba mdomo kwa ncha ya khanga. Baadaye nikawa nashiba kabla ya chakula.

"Mwalimu, karibu!"

"Starehe, Bi Zainabu, nimeshakula."

"Umekula nini, na jiko lako halijatoa moshi tangu asubuhi?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, midomo nimeifumba.

Desturi ya huku unaijua. Mpunga ukianza kuzaa, watu huhamia mabondeni wakalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, walinde mashamba dhidi ya ndege na nguruwe. Kualikwa kulala dunguni kwa mtu si jambo dogo. Ni kuambiwa, wewe ni wetu. Lakini dungu ni dogo, watu hulala pua kwa pua. Ndiyo maana nilikataa. Wakaenda, kijiji kikabaki kitupu. Jioni nilikuwa nasikia kijiko changu tu kikigonga sufuria. Upweke wa kujitakia, mwanangu, hauna wa kumlilia.

Tabibu wa meno wa wilayani alikwisha kuniambia mapema: "Una ukoga chini ya fizi. Njoo niukwangue kabla meno hayajalegea." Niliviogopa vyuma vyake. Naye mwalimu mwenzangu, mtoto wa Dar, alinisimulia kwamba mjini imeingia mashine ya mwanga, wanaiita leza, inayoponya fizi bila kukwanguliwa. Basi nikausubiri mwanga huo mpaka likizo, na huku jino moja la chini likaanza kucheza.

Daktari niliyemkuta Dar alikuwa mama wa makamo. Alinichungulia kinywani, akaguna.

"Nani kakudanganya kwamba taa inafagia nyumba?"

Alinieleza polepole, nami nakueleza hivyo hivyo. Ukoga ni uchafu ulioganda kwenye jino kama ukoko kwenye sufuria. Ufizi huachana na jino, pakawa na kijimfuko katikati, na vijidudu hujificha humo. Mwanga hauwezi kufanya kazi ya chuma. Chuma ndicho kinachobandua ukoko. Leza hufuata nyuma yake, ikapitishwa mle mfukoni kupunguza vijidudu vilivyosalia.

"Huweza kusaidia, lakini si kwa kila mtu," alisema, "na mswaki wako wa kila siku hauna mbadala."

Akanichoma ganzi, akakwangua upande mmoja, siku nyingine upande wa pili. Kisha tulivaa miwani ya rangi, yeye na mimi, akaingiza kijiuzi chembamba cha mwanga. Vile vyuma nilivyoviogopa havikuniuma kama nilivyodhani. Baada ya wiki kadhaa damu ilikoma na harufu ikaondoka. Lile jino lililokuwa likicheza halikuokoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu ni hili pengo.

Nikarudi Mahege kinywa safi. Majirani walikuwa wameshatoka mabondeni. Walinisalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni wa serikali. Jioni sinia likatoka, na sauti ya Bi Zainabu haikuniita. Nilikaa mlangoni nikiwasikia wakila, nikaona kwamba kuna kitu ambacho hakikuguswa na chuma wala mwanga. Nikainuka, nikaenda.

"Bi Zainabu, sikuwa nimeshiba, wala sikuwa nimechoka. Fizi zilikuwa zinauma, kinywa kinanuka. Niliona haya."

Mkono wake ukasimama juu ya wali.

"Meno?" akasema. "Mwalimu, ni meno tu? Sisi tulidhani ni sisi. Mimi nilimkataza hata mama mkwe wangu huyu kukaanga dagaa, nikamwambia huenda Mwalimu hapendi harufu ya kwetu."

Hakuna aliyecheka. Kisha akajisogeza.

"Haya, kaa. Na kwa pengo hilo, samaki wa miiba mwachie mama mkwe, mwenye meno yake yote."

Mwanangu, fizi ikitoa damu, usingoje mpaka jino licheze. Nenda ukasafishwe, na ukipewa tiba mpya, ipokee iwe msaidizi wa ile ya kwanza. Piga mswaki taratibu, mpaka kwenye mipaka ya fizi. Na ukiumwa, sema. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yalinifikisha kwenye kijiko kimoja na sufuria, na jirani mwema akadhani yeye ndiye anayenuka.

Mungu akupe kinywa kizima, na watu wa kula nao.