Samaki wa Mtaroni

Nyinyi vijana mnaofuga samaki kwenye kioo kisichoshika hata debe moja la maji, nawaona mkikaa kuchagua rangi. Angalieni mdomo kwanza. Rangi haijawahi kumla mwenzake. Mimi shule yangu iliishia kwenye kuandika jina na kusoma Zaburi polepole, lakini kioo cha namna hiyo nusura kinitoe kwenye nyumba yangu.

Mume wangu alikuwa karani hapa Kakamega. Bendera mpya ilikuwa haijapauka bado, wazungu wakifunga masanduku yao, na mkubwa wake akamwachia kioo kile kitupu. Alikibeba kifuani kama mtoto mchanga, akakiweka kwenye meza ya wageni. Mama yake, ambaye alikuwa akikaa nasi, alikizunguka, kisha akanitazama tumboni. Ulikuwa mwaka wa pili tangu niolewe na tumbo lilikuwa bapa.

"Haya," akasema. "Hapa hakuna wa kulea. Mwacheni alee samaki."

Wifi yangu alicheka mpaka akashika mlango.

Kwetu mgeni haonyeshwi kidogo. Ukimchinjia unamchinjia jogoo, si kifaranga. Mume wangu akachagua samaki kwa desturi hiyohiyo: akaleta ngege wawili wanene kutoka mabwawa ya Bukura, upana wa kiganja cha mtu mzima. Hawakuweza kugeuka bila kupiga kioo kwa mkia. Dume alimkamata mwenzake mapezi, akamng'oa magamba, akambana kwenye kona mpaka akalala ubavu. Wifi naye akawa anawatupia matonge ya obusuma, ugali wetu. Maji yakachacha, dume akafa, tukamla.

Mume wangu hakukoma. Akaleta kambare mwembamba kama kidole, pamoja na watoto wa ngege. Kambare hafi ovyo, hilo ni kweli. Anapanda juu, anavuta hewa, anashuka. Lakini kila asubuhi yeye amenenepa na wenzake wamepungua, mpaka akabaki peke yake na masharubu yake, akitutazama kama askari wa kodi.

"Hata samaki wanakimbia mke huyu," mama mkwe akasema.

Basi nikamtoa kambare nikampika, nikachukua kitambaa nikaenda mwenyewe kwenye mtaro ulio nyuma ya soko. Mle mlikuwa na visamaki vidogo kama ukucha, ambavyo watu walisema vililetwa kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna aliyeviita samaki, maana havijazi kijiko. Nikachukua dume mmoja mwenye mkia wa rangi na majike wachache, nikawatilia maji ya mvua yaliyolala mtungini na majani ya mtaroni walikotoka. Chakula chao chembe za unga, basi. Waliishi. Mwili mdogo kwenye nyumba ndogo.

Kisha jike mmoja akazaa. Hawa hawatagi, wanazaa watoto wenye macho, wanaoogelea papo hapo. Mama mkwe aliwaita mashangazi wa mume wangu, akawaonyesha kwa kidole.

"Njooni muone! Hata kitu cha mtaroni kinazaanga kwa nyumba hii."

Walicheka huku wakinywa chai yangu.

Kesho yake hapakuwa na mtoto hata mmoja majini, na hapo kicheko kikaisha. Kwetu kuna watu wanaosemwa wana jicho. Wakitazama vifaranga, au mtoto mchanga, hufa. Mwanamke akishaitwa hivyo hapewi mtoto wa mtu ashike, wala ndoa yake haidumu.

"Ana jicho," mama mkwe akawaambia mashangazi walewale. "Amewatazama kwa wivu wakaisha. Siku akizaa, atamaliza na wake."

"Mama zao ndio wamewala," nikasema.

"Mama halanga mtoto wake! Uliona wapi?"

Mume wangu alitazama viatu vyake. Baadaye akaniambia kwamba ndugu zangu wangeitwa siku ya soko waje wanichukue na sanduku langu. Nikamwuliza kama yeye anaamini.

"Mama ndiye amesema," akajibu. "Asipolifuta neno lake mwenyewe, mimi nitalifuta na nini?"

Nikamngoja jike mwingine. Tumbo lake lilipokuwa jeusi karibu na mkia, nilimwita mama mkwe, nikamwekea kiti. Mtoto alitoka amekunjwa, akazama, akajikunjua, akaanza kupanda. Jike akageuka. Mkia mdogo ulibaki ukicheza mdomoni mwake, kisha ukaingia. Niliona koo la mama mkwe nalo likimeza.

"Umeona, mama?"

"Nilikuwa napepesa macho."

Akatoka mwingine, akaliwa.

"Na huyo, mama?"

"Hapa kuna giza."

Jua lilikuwa juu ya meza.

Sikubishana. Mama mkwe habishiwi. Anaheshimiwa, anapewa kiti kizuri, anapelekewa chakula pale alipokaa, na hakuna shangazi atakayekulaumu kwa hilo. Nilimheshimu hivyo siku zote zilizofuata. Alikula mbele ya kioo, majike wakipokezana kuzaa na kumeza, tonge likipoa mkononi mwake. Siku ya soko ilipokaribia alisukuma sahani, akawaita mashangazi, akasema kwa sauti ndogo, "Si yeye. Wanakulanga wenyewe."

Ndugu zangu hawakuitwa. Mume wangu alinunua nyama. Wifi, ambaye sasa hakuwa akicheka, alinifuata jikoni akiwa na sahani ya mama yake, akaniuliza kama sasa amrudishie chakula chake kwenye meza ya kulia, pamoja na sisi.

"Hapana," nikamwambia. "Mama atakula palepale, asubuhi na jioni, na mtu yeyote katika nyumba hii asithubutu kufunika kile kioo."