Gari ya Useni Iliyokunywa Kanyanga

Useni wa mutaa wa Mabanga hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote, na jambo hilo alilitangaza hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Basi siku gari yake ilipoanza kunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Ilikuwa mwaka sabini na saba, enzi za Zaïre, na esanse, mafuta ya gari, ilikuwa imepotea Goma kwa wiki ya tano. Wakubwa walikuwa nayo, bila shaka, wakubwa hawakosi. Useni, fundi na dereva, alikuwa na Peugeot 404 kavu kama koo la Ramadhani, na binti yake Furaha alikuwa anaolewa Sake siku ya Ijumaa. Utasema, si apande lori? Ndipo hapo palipokuwa na kidonda. Miaka sita nyuma, dada mukubwa wa Furaha, Mwanaheri, alipelekwa kwa bwana yake Bukavu juu ya lori la mashu, yale makabichi ya Kibumba, maana 404 ilikuwa imefunguliwa mashini. Wakwe wakamubandika jina Mama Mashu, na tangu siku ile hakumutumia baba yake hata salamu. Useni aliapa kwamba Furaha ataingia Sake ndani ya gari ya baba yake, hata kama gari yenyewe itakunywa mukojo. Aliogopa kupoteza binti wa pili, na woga huo ulimunyima usingizi.

Mukojo haukuhitajika. Nyuma ya nyumba yake aliishi Mama Léocadie, ambaye serikali, ilipokataza majina ya kizungu, ilimunyang'anya jina la ubatizo lakini ikashindwa kumunyang'anya mapipa yake ya kanyanga. Useni alimuendea na kofia kichwani, akiangalia chini kama mwizi wa kuku.

"Mama, nataka kanyanga. Si yangu, ni ya gari."

"Wote wanasemaka hivyo, papa. Jana mumoja alisema ni ya kupaka mugongo."

Mara ya kwanza alimwaga tu lita kumi ndani ya tangi. Gari ilifika kwenye kona, ikakohoa, ikazima. Kanyanga ya kawaida ina maji mengi. Tena pombe ni sabuni kali, ilifua uchafu wa miaka kumi ndani ya tangi, ikausukuma wote kwenye filtri inayochuja mafuta, filtri ikaziba. Tiyo za mupira zinazopitisha mafuta nazo zilivimba na kulegea kama matumbo ya mbuzi.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Useni aliteremusha tangi, akalisugua kwa kokoto mpaka likang'aa. Filtri ya karatasi aliitupa, akatengeneza kubwa kwa kopo la maziwa na kipande cha blanketi. Kanyanga ikapikwa mara tatu, mpaka ukiiwasha ndani ya kijiko haiachi hata tone la maji. Zikabaki tiyo. Tiyo ya shaba ya kufaa aliijua moja tu, na ilikuwa kwenye pipa la Léocadie, kazini.

"Nikikupa hii, nitapika na nini?"

"Utaalikwa arusi, mama."

Alimuangalia muda murefu, halafu akaichomoa. Mama yule alikuwa na roho nzuri kuliko mashehe kadhaa ninaowafahamu.

Ijumaa asubuhi jamaa walitangulia kwa lori. Useni akamwaga maji ya moto juu ya kabureta, 404 ikawaka, Furaha akaketi nyuma na nguo zake za arusi. Walipita Mugunga wakinuka kama kilabu, Useni akiimba kaswida. Kwenye barieri, kizuizi cha kuingilia Sake, ajida, mukubwa wa askari, aliinama dirishani, akavuta pumzi, macho yakang'aa. Alimuita mwananchi, kama sheria ya Zaïre ilivyotaka.

"Situayen, ni nani amekunywa hapa?"

"Gari, chef."

"Unanichezea?"

"Mimi sijaonja hata tone. Gari njo inakunywaka."

Alisema kweli tupu, maana gari gani haikunywi? Lakini ukweli mwingine haumusaidii mutu. Kanyanga ni marufuku, ajida akasema, lazima ikamatwe. Wakafungua tiyo ya shaba, wakajaza bidon zao, wakakaa kivulini kuchunguza ushahidi kwa vikombe.

Useni alikaa chini kando ya gurudumu, kanzu nyeupe juu ya vumbi jeusi, akalia. Furaha alishuka.

"Papa, unalia juu ya nini?"

"Nitakupoteza kama dada yako. Juu ya gari hii hii."

"Mwanaheri hakukasirika juu ya mashu. Mashu anayachekaka mwenyewe. Alikasirika juu wewe ulibaki chini ya gari, ukamutuma na dereva wa watu. Aliniambia, mpaka Sake, njia ya Bukavu, alikuwa anageuka kuangalia kama unakuja."

Useni aliangalia 404 yake, kuanzia taa mpaka magurudumu. Miaka sita alikuwa anatengeneza gari, kumbe kilichoharibika ni kingine.

Alisimama, akapangusa kanzu, akaiacha 404 pale barierini na kapo, kifuniko cha mashini, wazi. Akamushika Furaha mukono, wakashika njia ya Sake kwa miguu, wote wawili wananuka kanyanga. 

"Watoto wa dada yako," Useni akauliza kwa sauti ndogo, "wanaitwa nani?"

Furaha akaanza kumutajia, mumoja mumoja. Walikuwa watatu.