Matawi kwenye Baiskeli ya Masele

Masele Chenge si mtu wa maneno. Anachomelea mageti pale Igoma, na ukimuuliza geti lako litakuwa tayari lini, anakuonyesha vidole. Kila asubuhi hutoka kwake hapa Kisesa kwa baiskeli, jioni hurudi nayo, na hajawahi kuona sababu ya mtu kujitesa kwa pedeli kwenda mahali asipokuwa na kazi. Kwa hiyo jirani yetu Mwalimu Muganyizi alipomshawishi wazunguke ziwa lote, wapitie Musoma, Kenya na Uganda, warudi kwa upande wa Bukoba, tulicheka hadi tukashika mbavu. Mwalimu anafundisha jiografia. Alisema amechoka kulichora ziwa ubaoni bila kulizunguka. Masele je? Masele alikwenda kwa sababu Mwalimu ni rafiki yake. Basi.

Na ziwa walilizunguka, tena vizuri, asije mtu akadhani walishindwa. Shida ilikuja Muleba, kwa kina Muganyizi, ambako walilala ili wapumzike kabla ya kipande cha mwisho. Asubuhi Masele alifunga mizigo, akamkuta mwenzake shambani kwa marehemu baba yake, anakata majani makavu ya migomba.

"Mimi nimefika," Mwalimu akasema.

"Umefika wapi? Kisesa bado."

"Mwambie Koku asiningoje."

Koku ni Kokulinda, mkewe. Masele akauliza kama anaumwa. Haumwi. Kuna mwanamke mwingine? Hakuna. Wamegombana? Hawajagombana. Mwalimu akamkabidhi helmeti yake ya baiskeli, akasema hataihitaji tena, akarudi kwenye migomba yake.

Mjumbe hauawi, tunasema. Sawa, lakini mjumbe angalau hupewa ujumbe anaouelewa. Njia nzima Masele aliupanga kichwani. Aanze na "shemeji, usishtuke"? Aanze na habari za mama mkwe? Kila alivyoupanga ulitoka kama uongo, na uongo yeye hauwezi. Alipofika Geita simu ikaita, akaona ni Kokulinda. Akaizima, na hakuiwasha tena. Mpaka leo nikikumbuka hilo nakasirika, ingawa sijui mimi ningemwambia nini.

Jua la Septemba mnalijua. Alipovuka daraja la Busisi lami ilikuwa inanata kwenye matairi, na mgongo ulimwaka kana kwamba ameegemea jiko. Upande wa Kigongo alimwomba mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma matawi ya mwarobaini, akayafunga nyuma ya kiti kwa mpira wa tyubu, yakamkinga mgongo na kisogo. Helmeti ya Mwalimu akaitundika kwenye usukani. Akapata kivuli, akashukuru Mungu.

Usagara vijana wa bodaboda walimpigia honi na kumshangilia, maana mshindi hurudi na matawi. Akafurahi, akapunga mkono. Akaishika barabara ya kuja Kisesa. Mbele kidogo wazee wawili walisimama wakavua kofia. Akinamama waliokuwa wanatoka kuchota maji walishusha ndoo, wakanyamaza. Masele aligeuka aone nani anapita nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Huku anashangiliwa, huku ananyamaziwa, na kichwa kilichopigwa na jua hakikupata jibu. Gari lililobeba maiti huku kwetu hufungwa matawi, kila mtu anajua, hata yeye anajua. Lakini matawi aliyoyafunga mwenyewe yeye aliyaona kivuli tu.

Kokulinda alikuwa anaanua nguo. Tangu juzi yake simu ya mumewe haipatikani, ya Masele nayo haipatikani. Sasa akaiona baiskeli moja, imefungwa matawi, na helmeti ya mumewe inaning'inia mbele. Hakuuliza kitu. Alipiga yowe nililolisikia nikiwa jikoni kwangu, akaanguka na nguo zake.

Tulikimbia. Suzana, mke wa Masele, alifika analia tayari. Masele kasimama kashika baiskeli, macho yamemtoka.

"Nani kafa?" akaniuliza mimi.

Nikamwonyesha matawi. Akayatazama, halafu akaanza kuyang'oa kwa mikono miwili.

"Yupo hai! Shemeji, Mwalimu yupo hai, mzima kabisa! Haya ni ya jua!"

Furaha ile sijapata kuiona. Kokulinda aliinuka akacheka, akanikumbatia, akamchapa Masele kofi la bega. "Ungeniua, shemeji! Ungeniua kweli!" Suzana akapiga vigelegele, nami nikapiga. Kisha Kokulinda akafuta uso kwa upindo wa kitenge, akatazama barabarani.

"Sasa yuko wapi? Yuko nyuma?"

Maneno yote aliyoyapanga tangu Muleba, Masele akayaruka.

"Yuko Muleba."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Anakuja lini?"

Masele akainamia usukani. "Amesema usimngoje. Nimemuuliza kwa nini, shemeji. Haki ya Mungu nimemuuliza. Sijaelewa."

Vigelegele vilitufia mdomoni. Kokulinda aliketi palepale juu ya nguo zake safi. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

"Si ungeniacha tu nilie, shemeji," akasema mwishowe. "Kile kilio nilikielewa."

Yowe lake lilikuwa limefika mbali. Wanawake wa mtaa wa pili walikuwa wanaingia, mmoja na mkeka kwapani, mwingine na unga kwenye beseni, kama inavyotakiwa. Walituona tumesimama, Masele na matawi miguuni, wakashindwa kujua walie au wasilie.

"Ni nani?" akauliza yule wa mbele, kwa sauti ya chini.

Masele alinitazama. Mimi nikamtazama Suzana. Kokulinda akanyanyuka, akaupokea ule mkeka, akautandika mwenyewe.

"Karibuni," akawaambia. "Kaeni."