Mwanamke Akikimbia Barabarani

Kwetu Mazinde, katikati ya mashamba ya mkonge, mwanamke mzima hakimbii barabarani ila kwa mambo mawili: moto au msiba. Hilo nililijua tangu utotoni, lakini asubuhi ile nilipovaa raba kuanza mazoezi ya marathoni halikunijia kichwani kabisa.

Niliwapita wanawake wanapalilia mahindi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Waliona binti wa jirani anatimua vumbi, wakatupa majembe, wakajifunga khanga viunoni, wakaenda moja kwa moja kwetu wakilia. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Alipoona kundi zima linaingia kumlilia yeye mwenyewe, nusura ajikate kidole. Akawafukuza, kisu bado kiko mkononi.

Niliporudi najifuta jasho, wao bado wamejazana nje ya ua, alinishika sikio mbele yao, mimi na umri wangu wote.

"Siku nikifa kweli, nani atakuamini?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaongeza kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hazikuishia. Nilishinda Korogwe, nikashinda Handeni, nikashinda ng'ambo, katika miji ambayo mama alishindwa hata kuitamka. Kila niliporudi nyumbani nilifanya mazoezi barabara ileile, na wanawake walewale sasa walinyanyua majembe juu na kunipigia vigelegele. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilidhani hata desturi nimeishinda.

Mwaka jana, asubuhi moja, mama alianguka jikoni. Mdomo ulikwenda upande, mkono hauinuki, jicho limekodoka linanitazama. Simu haikuwa na mtandao, kama kawaida yake siku unapoihitaji. Nikatoka mbio, miguu mitupu, kutafuta watu wa kumbeba.

"Bingwaaa! Kaza, binti, kaza!" wanawake wakapaza sauti kutoka shambani.

Nikapiga kelele kwamba mama anakufa. Vigelegele vikaimeza sauti yangu. Wanawake walionipakata utotoni wananipungia mikono, wanacheka, na mama yuko sakafuni peke yake! Nilitamani kuwarushia mawe.

Sikujua la kufanya tena. Nikasimama. Nguvu zikaniishia, nikakaa chini katikati ya barabara.

Hapo ndipo waliponyamaza. Hawakuwahi kuniona nimesimama. Jembe moja likaanguka, kisha mengine, wakanipita wote mbio kuelekea kwetu, khanga wakizifunga njiani. Hata bibi mmoja mwenye fimbo alinipita.

Mimi, niliyewaacha nyuma wakimbiaji wa mataifa, niliinuka nikajaribu kuwafuata, magoti yakagoma. Nikatembea. Siku hiyo nilifika wa mwisho. Kilio kilikuwa kimeshaanza, na safari hii mama hakutoka kuwafukuza.