Mafundi Sita wa Nasha

Anaeli ni mjane, mkulima wa mahindi hapa Maore, na ni katibu wa kamati yetu ya maji. Ukatibu hakuuomba, siku ile mkutanini ni yeye peke yake aliyekuwa na kalamu. Ninamfahamu kwa sababu mashamba yetu yamepakana, na sina haja ya kumpamba: ni mkali, husahau miwani kila aendako, na akichanganyikiwa husema jambo mara mbili.

Mwaka huu alichanganyikiwa kweli. Ndiva yetu, lile bwawa la mawe na udongo linalotunza maji ya mfereji kutoka mlimani, ilianza kuvuja. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na wiki moja zaidi bila maji ingemwacha bila chakula cha mwaka. Akaishauri kamati iwashirikishe Wamaasai wa bondeni, kwani ng'ombe wao hunywa mwisho wa mfereji huo huo. Mwenyekiti, mzee Eliufoo, aliguna, kisha akakubali. Anaeli akaandika barua: siku ya msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja, walete mafundi sita wa kujenga kwa udongo.

Siku ikafika. Tukaona wanawake sita wanapanda, shanga shingoni, wamebeba udongo wa kichuguu na viroba vya samadi mbichi. Mwanamume hakuwapo hata mmoja.

"Shikamoo, mzee," alisema Nasha, aliyewaongoza.

"Marahaba. Mafundi wako wapi?"

"Si sisi hapa?"

Eliufoo akamgeukia Anaeli. "Umeona sasa? Tumeomba mafundi, wametuletea akina mama na mavi ya ng'ombe. Hii ni dharau."

"Sijui, mzee. Hata sijui."

Akatoa nakala ya barua, akaisogeza mbali na macho, akaisoma neno kwa neno. Sita, wapo. Udongo, upo. Kosa halikuonekana, na bado sisi wanaume tulikuwa tumekaa juu ya mawe, majembe chini, tukisubiri wanaume wenzetu. Kwetu mwanamke hubeba mawe hadi ukingoni. Ukuta wenyewe haugusi. Anaeli amebeba mawe hayo miaka ishirini.

"Mama katibu," Nasha alisema, "kwetu mwanamume anachunga. Nyumba anajenga mwanamke, kuanzia fito mpaka udongo. Barua imesema mafundi. Wangekuja wanaume, wangefanya nini hapa?"

Anaeli akawatazama wale wanawake, akatutazama sisi, akazitazama nyufa za ukuta. Alikuwa na hofu, ilionekana wazi. Akiwaruhusu na ukuta ukaporomoka, lawama zote ni zake. Akiwarudisha, mahindi basi. Akavua viatu.

"Nionyesheni," alisema. "Nionyesheni."

Akashuka nao. Wakaukanyaga udongo na samadi mpaka ukalainika, wakaushindilia kwenye nyufa kwa viganja. Nasha alimkemea Anaeli mara mbili kwa kuharakisha, naye, ambaye hakemewi na mtu, akaanza upya taratibu. Eliufoo alitabiri kwamba samadi itayeyuka yote. Mimi niliitikia kwa kichwa, na leo naona aibu kusema hivyo.

Tuliuacha ukuta ukauke siku tatu, ndipo tukaingiza maji. Kesho yake ndiva ilikuwa imejaa, na upande wa nje ukuta ulikuwa mkavu. Mchana maji yakafika kwenye shamba la Anaeli. Alisimama katikati ya mistari ya mahindi akicheka na kufuta machozi, hajui aanze na lipi.

Nasha alikuja kuona. "Wiki ijayo najenga nyumba," alisema. "Na nyie mje sita."

"Tutakuja!" Eliufoo aliwahi kujibu, akitaka kusafisha jina lake. "Nitaleta vijana wenye nguvu."

Nasha akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Hapana, mzee," alisema. "Tunataka mafundi."